Majivuno ya Wakubwa na Kilio cha Raia: Tunayoyasikia katika Michezo ya Kale ya Ugiriki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na viongozi wao)

 Tunawashukuru kwa kuacha kazi za asubuhi, foleni ya maji na kutafuta kuni, mkaja kuketi pamoja nasi.

Sisi tunaotembea kwa kazi ya amani tunasikia neno moja mara nyingi sana: "Iliandikwa." Vita iliandikwa, kukimbia kuliandikwa, mtoto aliyebaki njiani aliandikwa. Anayesema hivyo mara nyingi amechoka, wala hatutamgombeza, maana neno hilo limemsaidia kupata usingizi. Lakini tunalisikia pia katika vinywa vya wale waliotoa amri. Wakiulizwa wanajibu kwamba mambo yalikuwa yamekwisha kuiva, hakuna ambaye angeyazuia, ndivyo historia ilivyotaka. Neno lililo faraja kwa mama aliyepoteza nyumba, kwa mkubwa linakuwa mlango wa kutorokea. Leo tunataka kulitazama neno hilo, na tumeona ni vizuri kulitazama kwa mbali, katika nchi ambako hakuna mmoja wetu mwenye shamba wala kaburi, ili tusianze kunyosheana vidole kabla ya kusikilizana.

Nchi hiyo ni Ugiriki ya kale, na mji wenyewe ni Athens. Miaka yote tutakayotaja ya huko ni kabla ya Kristo, kwa hiyo inahesabiwa kwa kushuka. Kila mwaka, baridi ilipokwisha, watu wa Athens walifanya sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa divai. Walikaa kwa maelfu kwenye mteremko wa kilima chini ya ngome yao, wakatazama michezo ya kuigiza. Waandishi watatu walishindana. Kila mmoja alileta michezo mitatu ya huzuni, ile ambayo vitabu vya shule vinaita tanzia, na mmoja wa kuchekesha. Waigizaji walivaa vinyago. Pamoja nao kulikuwa na kundi la waimbaji, watu 12 na baadaye 15, ambao katika mchezo huu walikuwa wazee wa mji, katika ule wanawake mateka. Waliimba, waliogopa, waliuliza, mara nyingine walimshauri mfalme. Kwa namna fulani wao ndio sisi raia tunaotazama.

Jambo moja zaidi juu ya sikukuu hiyo. Kabla ya michezo kuanza, vijana ambao baba zao walikufa vitani, na ambao mji uliwalea kwa mali ya umma, walipitishwa mbele ya watu wote wamevaa silaha. Kwa hiyo habari za mfalme aliyeanguka zilitazamwa na watu waliokwisha kuona yatima wao asubuhi ileile.

Tena watu hawa walijua kukimbia. Mwaka wa 480 mfalme wa Uajemi, Xerxes, alishuka kutoka Asia na jeshi kubwa. Wengi wenu mmekwisha kusoma habari zake pasipo kujua: wataalamu wengi wanaona kwamba ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, na mji wake wa Susa ndio Shushani. Waathene waliamua kuuacha mji wao. Wanaume waliingia katika merikebu za vita. Wanawake, watoto na wazee walivushwa kwenda visiwa vya Salamis na Aegina, na mji wa Troezen ng'ambo ya bahari. Mwandishi Plutarch anasimulia jinsi watu wa Troezen walivyowapokea. Walikata shauri la kuwalisha kwa mali ya umma, wakaruhusu watoto wa wageni wachume matunda popote, na wakawalipa walimu wa kuwafundisha. Tunaipenda habari hiyo. Chakula, ruhusa ya kuingia shambani, na shule: hata leo, familia zinapofika mahali pageni, magomvi ya kwanza na wenyeji huwa juu ya mambo hayohayo.

Waajemi waliingia Athens, wakakuta mji karibu mtupu, wakauchoma pamoja na mahekalu yake. Halafu, mwaka uleule, merikebu za Wagiriki zilizishinda za Xerxes katika mlango mwembamba wa bahari karibu na Salamis, naye akarudi kwao.

Miaka minane baadaye, mwaka wa 472, mwandishi Aeschylus alileta kwenye sikukuu mchezo unaoitwa Waajemi. Ndio mchezo wa huzuni wa zamani kuliko yote iliyobaki mizima mpaka leo. Aeschylus mwenyewe alikuwa askari. Alipigana na Waajemi kule Marathon mwaka wa 490, na ndugu yake aliuawa palepale. Sasa fikirini mahali hapo. Walioketi kutazama ni watu waliochomewa nyumba. Aliyeandika ni mtu aliyeuliwa ndugu. Mngetazamia nini? Nyimbo za ushindi, majina ya mashujaa, matusi kwa adui. Aeschylus aliwachukua akawapeleka Susa, nyumbani kwa adui. Huko wazee walioachwa kulinda nchi wanangoja habari. Wake wanangoja. Mama wa mfalme ameota ndoto mbaya na hawezi kutulia. Mjumbe anafika akihema, anaanza kutaja waliokufa, mmoja mmoja, kwa majina na makabila yao. Katika mchezo mzima hakuna jina hata moja la askari wa Kigiriki. Majina yote ni ya wafu wa adui.

Wanaofanya kazi ya upatanisho wanajua ugumu wa jambo hilo. Kuna siku katika vikao watu wa upande mmoja wanaweza kutaja wafu wao saa nzima, lakini ukiwaomba wataje jina moja tu la mfu wa upande wa pili, nyumba inanyamaza. Na Athens yenyewe haikuwa rahisi. Miaka ishirini hivi kabla ya Aeschylus, mwandishi Phrynichus aliigiza kuanguka kwa Miletus, mji wa ndugu zao uliobomolewa na Waajemi. Watazamaji wote walilia, kisha wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao, na wakapiga marufuku mchezo huo usionyeshwe tena. Tunadhani Aeschylus alilikumbuka jambo hilo. Kidonda kilekile alikigusa kupitia mwili wa mwingine, nao wakampa tuzo ya kwanza.

Lakini kwa nini Xerxes alianguka? Hapa tunarudi kwenye neno letu. Katika mchezo huo wazee wanaliita kaburini roho ya mfalme wa zamani, Darius, baba wa Xerxes, yule Dario anayetajwa katika vitabu vya Ezra na Hagai. Anapanda, anasikia habari, anashtuka. Anasema kwamba maneno ya unabii juu ya anguko hilo yalikuwako tangu zamani, naye aliyajua. Alitumaini tu kwamba yatatimia baada ya muda mrefu sana. Lakini, anasema, mtu mwenyewe akikimbilia shimo, mungu naye anamsukuma. Tunaomba mlishike neno hilo kabla hatujaendelea. Darius hakatai kwamba iliandikwa. Anachosema ni kwamba mwanawe aliharakisha. Aliufunga mlango wa bahari kwa daraja la merikebu kama mtu anavyomfunga mtumwa pingu, alichoma nyumba za ibada za watu, alisikiliza waliomcheka kwamba anakaa nyumbani tu wakati baba yake aliteka nchi. Kulikuwa na saa iliyowekwa, na Xerxes alipeleka mshale wa saa mbele kwa kidole chake mwenyewe.

Mama yake naye anasema jambo dogo mwanzoni ambalo watu hupita haraka. Anawaambia wazee kwamba mwanawe akifaulu atastaajabiwa na watu wote, na akishindwa hana wa kumtolea hesabu katika nchi; maadam amerudi salama, ataendelea kutawala. Waathene waliosikia hayo walielewa mara moja, maana kwao kila mtu aliyeshika kazi ya mji alipaswa kutoa hesabu mwisho wa muda wake, hata jemadari. Mwishoni mwa mchezo Xerxes anaingia, mavazi yamechanika. Wazee hawamuulizi habari za safari. Wanamuuliza: yuko wapi fulani? Na fulani umemwacha wapi? Wanataja jina baada ya jina, naye hana jibu ila kulia pamoja nao. Mfalme asiyetoa hesabu anaitolea hapo, mbele ya wazee wa nchi yake.

Wagiriki walikuwa na neno kwa kosa la namna hiyo: hubris. Watu wengi hulitafsiri kama majivuno au kiburi, na si vibaya, lakini kiburi kinaweza kukaa moyoni na kisimdhuru mtu. Hubris ilikuwa tendo. Ni kumtweza mwingine, kumpiga au kumvunjia heshima ili wewe ujisikie mkubwa. Mwalimu wao Aristotle aliandika kwamba anayelipa kisasi hafanyi hubris. Anayeifanya ni yule anayeaibisha kwa kujifurahisha. Athens ilikuwa na sheria juu yake. Raia yeyote aliweza kumshitaki mwenye kuitenda, hata kama aliyetwezwa ni mtu mwingine, na sheria ilimlinda hata mtumwa. Mama zetu hapa, hasa ninyi mliopita mbele ya watu wenye bunduki njiani, mnajua tofauti kati ya mtu aliyechukua unga kwa sababu ana njaa na yule aliyeumwaga chini huku akicheka. Wagiriki waliipa tofauti hiyo jina na wakaiweka katika sheria.

Je, Waathene wenyewe walijifunza? Historia yao inatuambia kinyume, na ni vizuri kulisema wazi kwa sababu wakati mwingine wafadhili wanatuuliza kama mchezo mmoja wa kuigiza unaleta amani. Watoto wa wale wakimbizi wa mwaka wa 480 walipata nguvu baharini, wakaanza kutoza kodi miji iliyokuwa rafiki zao. Kodi hiyo ilionyeshwa hadharani pale pale penye michezo, siku za sikukuu. Mwaka wa 416 walikizunguka kisiwa kidogo cha Melos ambacho hakikutaka kujiunga nao. Kilipojitoa, waliua wanaume na kuuza wanawake na watoto utumwani. Mwaka uliofuata mwandishi Euripides alileta mchezo wa Wanawake wa Troy: wanawake wa mji uliotekwa wameketi mbele ya hema, wanangoja kugawiwa kwa askari walioua waume zao. Walimpa nafasi ya pili. Mwaka uleule wa 415 walipeleka merikebu nyingi kuiteka Sicily, na mwaka wa 413 jeshi hilo liliangamia lote. Mwaka wa 404 Athens ilisalimu amri.

Mchezo huo wa Euripides haukufa. Mwaka wa 2013 wanawake wa Siria waliokimbilia Jordan waliuigiza mjini Amman, wakachanganya ndani yake habari zao wenyewe. Maneno ya wanawake wa Troy waliyaelewa pasipo kufafanuliwa na mtu.

Basi wengine watasema: hata kuanguka kwa Athens kuliandikwa. Hapa inafaa tumtaje Oedipus, mfalme wa Thebes katika mchezo wa Sophocles, maana kila mtu anayezungumza juu ya majaliwa kwa Wagiriki anaanza na yeye. Kabla hajazaliwa, unabii ulisema atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Wazazi wakamtupa mlimani. Mchungaji akamhurumia, akalelewa Corinth kama mtoto wa mfalme wa huko. Alipokua akausikia unabii, akakimbia Corinth ili asiwadhuru aliodhani ni wazazi wake. Kwenye njia panda, mahali njia tatu zinapokutana, alikutana na mzee ndani ya gari la farasi. Wakagombania nani apishe. Mzee akampiga, naye akamuua pamoja na watu wake, isipokuwa mmoja aliyeponyoka. Mengine mnaweza kuyakisia.

Wako wanaofundisha kwamba Oedipus aliadhibiwa kwa kiburi. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Alikuwa na hasira za haraka, ndiyo, na alimtukana nabii kipofu Tiresias aliyekataa kumwambia ukweli. Lakini taabu iliyompata ni kubwa mara elfu kuliko hasira zake. Aristotle alitumia neno hamartia kwa kosa la watu kama hao. Asili yake ni kukosa shabaha, kama mpiga mishale. Neno hilohilo ndilo Agano Jipya la Kigiriki linalotumia kwa dhambi, na labda ndiyo sababu wasomaji wa baadaye wamezoea kutafuta dhambi ndani ya kila aliyeanguka. Tunalisema hili kwa makusudi, mbele ya familia zilizo hapa. Tumesikia mahubiri yanayowaambia watu waliochomewa kijiji kwamba wachunguze walimkosea Mungu wapi. Sophocles hakumfanyia Oedipus hivyo. Alionyesha mtu anayeumia kupita kosa lake, na akawaacha wazee wa mji wamlilie.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Oedipus analikataa. Anapotoka nje, macho yake ameyatoboa, wazee wanamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Anajibu kwamba mabaya yake yaliletwa na Apollo, lakini mkono uliopiga macho ulikuwa wake mwenyewe. Anayagawa: hili la mungu, hili langu. Na kuna lingine. Tauni ilipoanza alikuwa ametangaza kwamba muuaji wa mfalme wa zamani, awe nani, afukuzwe nchini. Alipogundua kwamba muuaji ni yeye, hakuibadilisha amri. Anaomba itimizwe juu yake. Mwandishi wa Nigeria, Ola Rotimi, alichukua habari hii akaiweka kati ya Wayoruba, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1968, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinawaka nchini mwake. Jina aliloipa linasema kwamba miungu si ya kulaumiwa.

Oedipus aliacha wana wawili, Eteocles na Polyneices, na mabinti wawili, Antigone na Ismene. Habari tunayotaka kukaa nayo zaidi leo ni ya watoto hao. Sophocles aliiandika kabla ya ile ya baba yao, karibu mwaka wa 441.

Wana hao waligombania kiti cha Thebes. Polyneices alileta jeshi la kigeni kuushambulia mji wake mwenyewe, Eteocles akaulinda, wakauana mlangoni siku moja. Mjomba wao Creon akachukua utawala. Amri yake ya kwanza ilikuwa juu ya maiti: Eteocles azikwe kwa heshima zote, Polyneices aachwe juu ya ardhi, aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika afe. Tusimdharau Creon haraka. Mji umetoka vitani usiku uliopita. Anataka watu wajue kwamba aliyeleta jeshi la nje hawezi kuhesabiwa sawa na aliyelinda nyumba. Ukimsikiliza mwanzoni, anasema mambo mengi ambayo kiongozi mzuri angesema, juu ya kuipenda nchi kuliko rafiki.

Antigone akaenda akamfunika kaka yake kwa vumbi, akammiminia maji ya maziko. Hakuwa na nguvu ya kuchimba kaburi. Walinzi wakamkamata, akakiri. Alisema kwamba amri ya mtu mmoja haiwezi kupita sheria za miungu ambazo hazikuandikwa na hakuna ajuaye zilianza lini. Ninyi mliolazimika kuacha wafu wenu kando ya njia hamhitaji mtu awafafanulie kwa nini mtu angekufa kwa sababu ya vumbi viganjani. Creon akaagiza afungiwe hai ndani ya pango.

Kuanzia hapo hesabuni waliosema na mfalme. Wa kwanza ni mlinzi, mtu mdogo, mwenye woga na maneno ya kuchekesha, aliyemwambia kwamba ni vibaya mwenye kuamua aamue kwa dhana tu. Creon alimtishia kumtundika. Wa pili ni Antigone mwenyewe. Wa tatu ni Haemon, mwana wa Creon, mchumba wa Antigone. Huyu alikuja kwa heshima. Hakuanza na mchumba wake. Alimwambia baba kwamba raia wanaogopa uso wake, hawasemi mbele yake, lakini yeye anawasikia gizani wakimlilia msichana. Akampa mifano ya watu wa kazi: mti unaoinama wakati wa mafuriko unabakiza matawi yake, unaokaidi unang'olewa na mizizi, baharia anayekaza kamba ya tanga bila kulegeza anapindukia. Wazee wakasema kijana amesema vizuri. Creon akauliza kama watu wa umri wake watafundishwa akili na mtu wa umri ule. Kisha akauliza kama mji ndio utakaomwambia amri za kutoa. Haemon akamjibu kwamba mji wa mtu mmoja si mji. Wakaachana kwa hasira.

Wa nne ni Tiresias, nabii kipofu, anaongozwa na mtoto. Anamwambia kwamba madhabahu za mji zimechafuka kwa nyama ya maiti inayobebwa na ndege, kwamba kukosea ni kwa watu wote, na aliyekosea akirekebisha si mpumbavu. Creon anajibu kwamba amehongwa. Sisi tumelisikia jibu hilo. Mtu anayeleta maneno ya amani anaulizwa kwanza amelipwa na nani.

Lakini Tiresias alipokwisha kuondoka, Creon aliogopa. Wazee walimkumbusha kwamba nabii huyo hajawahi kuuambia mji uongo. Naye akakubali! Watu husahau jambo hili. Creon si jiwe. Akawauliza wazee afanye nini, wakamjibu kwa utaratibu: nenda ukamtoe msichana pangoni, kisha umjengee kaburi aliyelala nje. Wakamwambia aende mwenyewe, asitume mtu, na aende upesi.

Akaenda mwenyewe. Akaenda upesi. Lakini alianza na maiti. Waliosha kilichobaki cha Polyneices, wakakichoma kwa matawi mabichi, wakapandisha tuta la udongo wa nyumbani kwao. Ndipo wakageuka kwenda pangoni. Walimkuta Antigone amejinyonga kwa kitambaa chake, na Haemon amemkumbatia kiunoni. Kijana alimtemea baba yake mate, akamrukia kwa upanga, akamkosa, akajichoma mwenyewe. Habari ilifika nyumbani kabla ya baba. Mkewe Creon, Eurydice, aliisikia, akaingia ndani bila kusema neno, akajiua kwenye madhabahu huku akimlaani mumewe. Creon alirudi amembeba mwana, akaonyeshwa maiti ya mke.

Sophocles hasemi kwa nini Creon alianza na maiti. Tumelijadili sana sisi kwa sisi. Wengine wetu wanaona aliogopa miungu zaidi ya kumhurumia msichana. Wengine wanaona ni aibu: kumzika mfu ni jambo analoweza kulifanya bila kutazamwa usoni, lakini kumfungulia Antigone mlango ni kusimama mbele ya mtoto wa dada yake na kumwambia ulikuwa na haki. Sisi tunaelekea upande wa hao wa pili. Tumeona viongozi wanaokubali kujenga mnara wa ukumbusho, kuitisha misa, kutoa hotuba nzuri juu ya waliokufa, wakati mfungwa aliye hai, ambaye wangeweza kumtoa siku hiyohiyo, bado yuko ndani.

Unabii ulikuwapo, lakini Tiresias alikuja kumwonya Creon ili ageuke, na wazee walimpa utaratibu ambao ungeweza kumwokoa. Kati ya neno la nabii na mlango wa pango kulikuwa na muda, nao aliutumia mahali pengine.

Mchezo huo nao umesafiri. Katika gereza la kisiwa cha Robben, Afrika ya Kusini, wafungwa wa siasa waliuigiza, na Nelson Mandela alicheza sehemu ya Creon. Ameliandika jambo hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1994. Kati ya sehemu zote, mfungwa aliyekuja kuwa rais alijaribu kukaa ndani ya ngozi ya mtawala asiyesikia.

Sasa tumesema vya kutosha. Baada ya chai tutagawana katika makundi manne, kwa wale wanne waliosema na Creon: mlinzi, Antigone, Haemon, nabii. Kila kundi litatafuta maneno ambayo mtu wake angeyasema katika lugha ya nyumbani kwenu, mbele ya kiongozi aliyetoa amri kama ile. Tumewaomba viongozi watatu walioko hapa wacheze Creon kwa zamu, nao wamekubali, na tunawashukuru. Wanaruhusiwa kujibu vikali kama yeye. Kundi la Haemon ndilo litakaloanza, na humo tunataka vijana tu. Wazee watakaa nyuma yao na kusikiliza mpaka wamalize.